MAISHA YA MTUME PAULO, MSAFIRI WA MERIKEBU

Paulo tunamjua wote. Tangu mwaka wa kwanza tunajifunza barua zake katika somo la dini, na wengi wetu tunaweza kutaja safari zake pasipo kufungua daftari. Lakini mtihani unauliza majina ya miji tu. Hauulizi namna gani mtu alifika kule. Sisi wa mwaka wa sita tulipoweka ramani ya Mediterania mezani na kufuata Matendo ya Mitume kwa kidole, tuliona kama mtu huyu alipitisha sehemu kubwa ya maisha yake ndani ya merikebu za watu wengine, leo bandari hii, kesho bandari ile, akingoja upepo. Maisha hayo ndiyo tunapenda kuwaeleza hapa.

Paulo alizaliwa Tarso, mji wa Kilikia, upande wa kusini wa nchi ambayo leo ni Uturuki. Tarso haikuwa kijiji. Mto Kidno uliunganisha mji na bahari, na mizigo ya nchi nyingi ilipita pale. Alikuwa Myahudi, tena raia wa Rumi tangu kuzaliwa, na uraia huo ulimsaidia mara nyingi mbele ya askari. Kazi ya mikono yake ilikuwa kushona hema. Alisoma Yerusalemu kwa mwalimu Gamalieli, akawa mtu mkali wa sheria, akawatesa Wakristo, na siku ile walipompiga Stefano mawe yeye alilinda nguo za wauaji. Halafu njia ya Dameski ilimgeuza. Habari hiyo mnaijua, hatuirudilii.

Juu ya miaka ya maisha yake wataalamu wanabishana sana. Mwaka mmoja tu unashikika vizuri: kule Delfi, nchi ya Ugiriki, yaliokotwa mawe yenye barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja Galio kuwa liwali, na kwa hayo tunajua Galio alitawala Akaya karibu mwaka 51 au 52. Mbele ya Galio huyo Paulo alishitakiwa Korintho. Miaka mingine inahesabiwa kutoka hapo, mbele na nyuma.

Sasa tuseme juu ya kusafiri. Wakati ule hapakuwa merikebu ya abiria. Ulishuka bandarini, ukauliza ni merikebu gani ya mizigo inayoelekea upande wako, ukapatana na mwenyewe, ukaleta chakula chako na blanketi yako, ukalala juu ya sakafu ya merikebu pamoja na mbuzi na magunia. Ni sawasawa na yule anayekaa leo bandarini Kalundu akitafuta boti ya mizigo ya kumfikisha Kalemie. Hawakuwa na mashine, hawakuwa na dira. Tanga kubwa lilikuwa moja la pembe nne, ambalo linakwenda vizuri upepo ukitoka nyuma, lakini upepo ukitoka mbele ni taabu tupu. Kwa hiyo merikebu nyingi ziliandama ukingo wa nchi, zikiangalia milima na ncha za nchi, na jioni zikatia nanga pahali penye kinga. Safari ilihesabiwa kwa malalo.

Mfano mzuri ni ile safari yake ya mwisho kwenda Yerusalemu, katika mlango wa 20 na wa 21. Paulo alikuwa Filipi. Alitaka kufika Yerusalemu mbele ya Pentekoste, ni kusema alikuwa na siku 50 tangu Pasaka. Siku za mikate isiyotiwa chachu, 7, alizipitisha Filipi. Kuvuka bahari mpaka Troa kulimtwalia siku 5. Hapo angalieni vizuri: miaka michache mbele yake alivuka njia hiyo hiyo kutoka Troa kwa siku 2 tu, akilala usiku mmoja kisiwani Samothrake. Bahari ni ile ile, merikebu ni za namna ile ile, lakini upepo ulikuwa mwingine. Mtu anayepanga safari ya tanga hawezi kuhesabu kilometa tu.

Troa wakakaa siku 7. Tukijumlisha, siku 19 zimekwisha kuliwa na safari karibu yote bado iko mbele. Usiku wa mwisho Paulo alihubiri mpaka usiku wa manane, na kijana Eutiko akasinzia dirishani akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. (Wenzetu wanaosinzia saa za kujisomea usiku waisome habari hiyo, bahati yetu ni kwamba nyumba yetu haina ghorofa.) Kijana alirudishiwa uzima, na asubuhi wenzake Paulo wakapanda merikebu, lakini yeye mwenyewe alikwenda kwa miguu mpaka Aso. Luka hasemi sababu. Ukiangalia ramani unaona kama merikebu ilipaswa kuzunguka ncha ndefu ya nchi, wakati barabara ilikata moja kwa moja. Sisi tunafikiri alijipatia masaa machache zaidi pamoja na watu wa Troa, na tena bado akaikuta merikebu Aso. Mtu wa kufanya hesabu hiyo ni mtu aliyezoea njia.

Kutoka Aso malalo yanafuatana. Siku ya kwanza Mitilene. Kesho yake mbele ya Kio. Kesho yake Samo. Kesho yake Mileto. Katika bahari ile ya visiwa upepo wa kaskazini mara nyingi unaamka asubuhi na kulala jioni, na usiku kuna mawe na njia nyembamba katikati ya visiwa, basi nahodha mwenye akili anatumia mchana na kufunga tanga jua likishuka. Wenzetu wa Uvira, Baraka na Kalemie hawatashangaa, sababu ziwani mtumbwi wa safari ndefu nao unaandama ukingo na kulala kijijini.

Efeso alipita pasipo kuingia. Hilo lilitushangaza, sababu Efeso alikaa karibu miaka 3 na kanisa lake lilikuwa pale. Lakini angeingia, nani angemwacha atoke upesi? Kulikuwa marafiki wengi, na kulikuwa wale wafua fedha waliomfanyia ghasia. Basi alituma mtu kutoka Mileto, mwendo wa zaidi ya kilometa 50, wazee wa kanisa wakaja kumwona. Aliwaambia hawatauona uso wake tena. Wakalia, wakamsindikiza mpaka merikebuni.

Baadaye Kosi, Rodo, Patara. Hapo Patara alibadili namna ya kusafiri. Aliacha merikebu ya kuandama ukingo, akachukua nyingine iliyokata bahari moja kwa moja mpaka Tiro, zaidi ya kilometa 600, Kipro wakaiacha mkono wa kushoto. Kwa njia hiyo upepo wa kaskazini na magharibi ulikuwa rafiki. Kuandama ukingo kunafaa siku za visiwa, lakini upepo mzuri ukiwa nyuma na siku zikiwa chache, bahari wazi inafaa zaidi. Tiro merikebu ilishusha mizigo, wakakaa siku 7, kisha Tolemai siku 1, kisha Kaisaria. Na Kaisaria, Luka anaandika, walikaa siku nyingi kidogo. Maana yake hesabu ilitosha, hata akabaki na akiba.

Yerusalemu alikamatwa. Alifungwa Kaisaria miaka 2 chini ya liwali Feliki, na Festo alipokuja Paulo akatumia haki yake ya raia, akaomba kuhukumiwa na Kaisari mwenyewe. Hivi ndivyo alivyopanda merikebu ya kwenda Rumi, karibu mwaka 59 au 60, si msafiri tena bali mfungwa, katika mkono wa akida Yulio, mkubwa wa askari 100. Luka na Aristarko walikuwa pamoja naye. Luka anaandika habari hii kwa kusema sisi, kama vile tunavyoandika katika gazeti letu, na wanabahari wengi walioisoma wanakubali kama mwandishi alikuwa ndani ya merikebu.

Safari ilianza vizuri. Kesho yake walilala Sidoni, na Yulio akamruhusu Paulo kushuka kwa rafiki zake. Halafu pepo za mbele zikaanza. Wakajificha nyuma ya Kipro, wakaandama Kilikia na Pamfilia, yaani pwani ya nyumbani kwake Paulo, wakafika Mira. Pale Yulio akakuta merikebu ya Aleksandria yenye ngano, inayokwenda Italia. Msishangae kuona merikebu ya Misri pale kaskazini kabisa. Rumi ilikula ngano ya Misri, lakini pepo za magharibi zilikataa njia ya kunyoka, basi merikebu zilipanda kwanza mpaka Mira kisha zikajikokota kando ya nchi. Na hii ilijikokota kweli. Mpaka Nido ilitwaa siku nyingi, tena kwa shida, wakashuka chini ya Krete, wakapita Salmone, wakafika pahali panapoitwa Bandari Nzuri, karibu na mji wa Lasea.

Hapa ndipo tunataka kukaa kidogo.

Siku ya Kufunga ya Wayahudi ilikuwa imekwisha kupita. Siku hiyo inaanguka mwezi wa 9 au wa 10. Mwandishi wa Kirumi Vegetius anaeleza kama bahari ilikuwa salama mpaka katikati ya mwezi wa 9, kisha ya mashaka, na kutoka tarehe 11 ya mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 3 ilifungwa kabisa. Basi Italia kwa mwaka ule ilikuwa imekwisha kupotea, na kila mtu merikebuni alijua. Swali moja tu lilibaki: wapitishe wapi majira ya baridi? Paulo alisema wabaki palepale. Nahodha na mwenye merikebu walisema Bandari Nzuri haina kinga ya kutosha, waende Foiniki, bandari nyingine ya Krete hiyo hiyo, chini ya kilometa 80. Wengi wakawa upande wao, na akida akafuata wengi.

Katika masomo ya Jumapili tumezoea kumcheka akida. Sisi hatumcheki upesi hivyo. Jiwekeni pahali pake. Upande mmoja ni nahodha, mtu wa kazi, na mwenye mali, ambaye hapendi kupoteza merikebu yake. Upande mwingine ni mfungwa mshona hema. Ni nani kati yetu angemsikiliza mshona hema? Lakini kuna jambo ambalo labda Yulio hakulijua. Katika barua yake ya pili kwa Wakorintho, iliyoandikwa mbele ya safari hii, Paulo anataja kama merikebu zimevunjika naye ndani mara 3, na mara moja alipitisha usiku na mchana mzima kilindini. Luka hakuandika hata moja ya hizo. Mfungwa huyu alikuwa amekunywa maji ya bahari kuliko watu wengi wa pale.

Na kosa lenyewe lilikuwa wapi? Si kusema Bandari Nzuri ni mbaya. Ni kweli imefunguka sana upande wa bahari. Kosa lilikuwa katika ile siku moja. Upepo laini wa kusini ulivuma, wakaona mambo yametimia, wakang'oa nanga wakaandama Krete karibu karibu. Waliamini safari ni fupi, na tunajua hivyo kwa kitu kidogo: mashua ya merikebu waliiacha ikivutwa nyuma kwa kamba. Mtu anayeogopa dhoruba anaipandisha ndani. Tena, mwendo kidogo tu kutoka Bandari Nzuri iko ncha ya Matala, na ukiipita nchi inarudi nyuma kwenda kaskazini, kinga inakwisha, ghuba kubwa inafunguka. Njia yote ile ilitegemea upepo ubaki wa kusini mpaka jioni. Kama ukigeuka katikati, walale wapi? Mpango wao haukuwa na jibu.

Ukageuka. Upepo wa kaskazini-mashariki, Eurakilo, ulishuka kutoka milima ya Krete ukaipiga merikebu. (Watu wa Malta mpaka leo wanauogopa upepo wa upande huo, wanauita grigal.) Hawakuweza kuukabili, wakauachia. Chini ya kisiwa kidogo cha Kauda walipata nafasi ya kupumua, na hapo waliipandisha ile mashua, Luka anasema kwa shida nyingi. Na vile anavyosema sisi, labda naye alivuta kamba. Wakaizungushia merikebu kamba chini ya tumbo isipasuke. Wakashusha vyombo, wakiogopa michanga ya Sirti pwani ya Libya. Kesho yake wakatupa mizigo, siku ya tatu vyombo vya merikebu. Kwa siku nyingi hawakuona jua wala nyota, na mtu asiye na dira, asipoona jua wala nyota, hajui tena wapi ni kaskazini. Hawakula. Matumaini yote yakakatika. Ndipo Paulo akasimama katikati yao. Kwanza aliwakumbusha kama wangemsikiliza (mtume pia ni mtu), kisha akawaeleza malaika alimwambia usiku kwamba hakuna atakayekufa, merikebu tu itapotea.

Katika karne ya 19 Mskoti James Smith wa Jordanhill, aliyekuwa mwenyewe msafiri wa merikebu za tanga, alikwenda kukaa Malta na kuchunguza habari hii, na mwaka 1848 akatoa kitabu. Aliuliza manahodha merikebu ya namna ile inasukumwa na dhoruba mbio gani, akapata karibu kilometa 67 kwa mchana na usiku. Kutoka Kauda mpaka Malta ni kama kilometa 880. Gawanyeni wenyewe: siku 13 na kidogo. Luka anaandika kwamba usiku wa 14 mabaharia walisikia wanakaribia nchi. Tulipofanya hesabu hiyo ubaoni, hata wale wasiopenda hesabu walinyamaza.

Usiku ule walipima maji wakapata pima 20, mbele kidogo pima 15. Wakatupa nanga 4 nyuma ya merikebu, wakaomba kuche. Mabaharia wakashusha mashua, wakijifanya wanakwenda kutia nanga za mbele. Kumbe walitaka kukimbia. Paulo akaona, akamwambia Yulio. Safari hii akida hakuuliza wengi. Askari wakakata kamba, mashua ikaanguka ikaenda zake. Kulipokaribia kucha Paulo akawasihi wale chakula, akatwaa mkate, akashukuru mbele ya wote, akaanza kula. Walikuwa watu 276. Walipokwisha kushiba wakatupa ngano baharini, ile ngano ambayo kwa ajili yake mwenye merikebu alihangaika tangu Misri.

Asubuhi waliona ghuba yenye mchanga, wakapandisha merikebu. Omo ikakwama, nyuma ikavunjwa na mawimbi. Askari wakashauriana kuwaua wafungwa wasiogelee wakakimbia, maana mfungwa akipotea askari analipa kwa uhai wake. Yulio akakataa, juu ya Paulo. Wenye kujua kuogelea wakajitupa kwanza, wengine wakafuata juu ya mbao, na wote 276 wakafika nchi kavu. Kisiwa kilikuwa Melita, ndiyo Malta ya leo. Wenyeji waliwawashia moto sababu ya mvua na baridi, na Paulo mwenyewe alikuwa akiokota kuni nyoka alipomshika mkono. Hakudhurika.

Walikaa miezi 3. Bahari ilipofunguka walichukua merikebu nyingine ya Aleksandria iliyopitisha baridi kisiwani, na sehemu hii Luka anaiandika kwa mistari michache tu, sababu kila kitu kilikwenda sawa: Sirakusa siku 3, Regio siku 1 wakingoja upepo wa kusini, upepo ukaja, na kesho yake Puteoli. Huko walikuta ndugu, wakakaa nao siku 7. Kutoka pale walikwenda kwa barabara. Wakristo wa Rumi walitoka kumlaki mpaka Soko la Apio na Mikahawa Mitatu, na Paulo alipowaona, anaandika Luka, alimshukuru Mungu akapata moyo.

Rumi alikaa miaka 2 katika nyumba ya kupanga, askari mmoja akimlinda, akipokea kila mtu aliyekuja. Hapo kitabu cha Matendo kinakatika. Mapokeo ya kanisa yanasema aliuawa Rumi wakati wa Kaisari Nero, ambaye mwenyewe alikufa mwaka 68, na kwamba alizikwa kando ya barabara ya Ostia. Barabara hiyo inatoka Rumi kushuka mpaka bandarini.